Miimo Miwili, Vizingiti Viwili

Dar es Salaam, mtu akikuambia anatafuta fremu, huna sababu ya kumpeleka kwa mpigapicha. Anatafuta chumba cha biashara: mlango mmoja unaotazama barabara, kodi ya miezi kadhaa mbele, na juu ya mlango nafasi ya kuandika jina la duka. Mpigapicha naye ana fremu yake, ule mstatili anaouona kwenye kioo cha simu au ndani ya kamera kabla ya kufyatua. Neno ni lile lile; kwa mmoja ni kijengo kidogo, kwa mwingine ni ukingo wa picha. Kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga picha vibanda, maghala, mazizi na vijengo vingine vidogo vya mashambani, na nimezidi kuamini kwamba maneno tunayoyahitaji ili kuitunga picha ya kibanda yamo katika kibanda chenyewe, midomoni mwa waliokijenga.

Nianze na hiyo fremu. Fundi wa pwani ana jina la kila upande wa uwazi wa mlango. Miti miwili inayosimama kushoto na kulia ni miimo. Mmoja ni mwimo, ndugu wa neno wima. Ule unaolala juu ni kizingiti cha juu, na ule unaovukwa na mguu ni kizingiti cha chini. Picha nayo ina miimo miwili na vizingiti viwili. Nikimwambia kijana anayejifunza, "Angalia fremu yako," ataitikia, lakini macho yake hayaendi popote, kwa sababu fremu kwake ni kitu kizima kisicho na pande. Nikimwambia, "Mwimo wa kulia umekata upenu," jicho linakwenda moja kwa moja pale penye kosa. Kwenye picha za vijengo vidogo makosa mengi hukaa pembeni, si katikati. Kibanda kimewekwa vizuri, lakini tawi la mwembe linachungulia kwenye mwimo wa kushoto bila shina lake kuonekana. Au ncha ya paa imegusa kizingiti cha juu: haikukatwa, haikuachiwa hewa, imegusa tu. Hakuna linaloidhoofisha picha ya banda kuliko mguso huo. Ama ulikate paa kwa dhati, ionekane umekusudia, ama uliachie anga ya kutosha juu yake.

Halafu kuna neno kibanda lenyewe. Nalipenda, lakini limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Kuna kibanda cha mkaa, cha chipsi, cha kuku, cha mlinzi, kibanda umiza cha kuonyeshea mpira. Udogo ulio ndani ya ki- hugeuka dharau masikioni mwa wengi, na mtu akishasema kibanda, jicho lake hutulia likidhani limekwisha kuona. Picha inayotoka hapo huwa ya kibanda chochote, mahali popote.

Wakulima na wavuvi hawakuridhika na jina moja. Kijengo cha juu ya miti ambacho mtu hupanda kuamia ndege mpunga unapoiva kinaitwa ulingo. Leo tunalisikia zaidi neno hilo kwenye masumbwi na kwenye siasa, lakini yule aliyekaa juu na kombeo mkononi, shamba zima likiwa chini ya macho yake, bado yumo ndani yake. Dungu ni ndugu wa ulingo. Katika bonde la Rufiji madungu yalikuwa makazi ya msimu, nyumba juu ya nguzo ndefu, watu wakilala juu mto unapofurika mashambani, mpaka serikali ilipowahamishia wengi wao kwenye miinuko mwishoni mwa miaka ya 1960. Dago ni kambi ya muda ya wavuvi, inayosimama ufukweni kwa msimu na kuachwa msimu ukiisha. Kipenu huegemea nyumba nyingine. Kihenge huweka nafaka, na neno hilo lina nguvu kiasi kwamba mitambo mikubwa ya chuma ya kuhifadhia mahindi inapojengwa, magazeti huiita vihenge vya kisasa. Urambo na kwingineko Tabora wakulima wa tumbaku wana mabani. Bani ni jengo la kukaushia majani kwa moto, limenyooka kwenda juu, na jina lake limetoka katika Kiingereza, likavaa sauti zetu, likapata na wingi wake. Bado hatujaitaja nyumba ya tembe ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, wala msonge wa Wahaya ambao nyasi za paa lake zinashuka mpaka karibu na ardhi.

Majina haya yana kazi kwa mpigapicha. Kila moja linakuambia nini kiingie ndani ya miimo na nini kibaki nje. Ulingo bila shamba hauna maana, kwa hiyo mpunga lazima uwemo, hata kama ni ukanda mwembamba juu ya kizingiti cha chini. Nafasi tupu kati ya nguzo zake nayo ni sehemu ya jengo. Ukisimama mahali ambapo kichaka kinaijaza nafasi hiyo, umeubomoa ulingo. Dago linadai bahari, au walau mchanga na kamba za nyavu. Kipenu hakipigwi picha peke yake, maana kuegemea ndiko kuwapo kwake, na ule ukuta unaoegemewa una haki ya kuonekana. Bani linaomba picha ya wima. Tembe inaomba ya mlalo, tena ndefu. Aliyejua jina ameshapata nusu ya utunzi kabla hajaitoa kamera mfukoni.

Kuna wanaodhani kupiga picha mabanda ni kazi ya pembeni, ya wasiopata sura za watu wala wanyama wa Serengeti. Historia haiko upande wao. Picha ya kale kuliko zote za kamera zilizobaki mpaka leo ni ya mapaa ya vijengo vya shambani. Nicéphore Niépce, Mfaransa, aliipiga mwaka 1826 au 1827 kutoka dirisha la ghorofani nyumbani kwake, Saint-Loup-de-Varennes. Alitumia bamba lililopakwa lami, na madini yake kwa sehemu kubwa yalikuwa bati, lile bati halisi ambalo jina lake sisi tumeyapa mabati ya kuezekea. Kinachoonekana ni nyumba ya njiwa, mteremko wa paa la ghala, na jengo la kuokea mikate. Mwanga uliachwa uingie kwa saa nyingi mno, hata jua likahama upande mmoja wa anga kwenda wa pili, na kuta zinazotazamana zikaangazwa zote. Bamba hilo sasa liko Austin, katika Chuo Kikuu cha Texas.

Baadaye, mwaka 1844, Mwingereza William Henry Fox Talbot alipiga picha aliyoiita The Open Door huko Lacock, na akaiweka katika kitabu chake The Pencil of Nature. Ni mlango wa kijengo cha shambani na fagio la vijiti lililoegemezwa hapo, taa ikining'inia, giza ndani, na mbali ndani ya giza hilo dirisha dogo linaloonekana kwa shida. Kila ninapoirudia hunifunza neno moja: mshazari. Miimo ya mlango iko wima, kizingiti kimelala, na fagio limekwenda mshazari. Kivuli kinachoukata ukuta nacho kimekwenda mshazari. Ondoa fagio, na picha itasimama kama askari wa zamu. Talbot alijua hivyo. Fagio halikujiweka lenyewe. Nadhani hiyo ndiyo picha ya kwanza ambamo kijengo cha hali ya chini kilitungwa kwa makini yale yale yaliyotumika kwa wafalme, na aliyeitunga alikuwa na nyumba kubwa ya kifahari hatua chache kutoka hapo, ambayo angeweza kuipiga badala yake.

Sasa tupande juu ya paa, maana huko ndiko maneno yaliko mengi. Kabla ya kuezeka kuna kupaua, yaani kusimamisha mifupa ya paa. Mti mrefu unaolala juu ya kuta, unaobeba yote, una jina ambalo silichoki: mtambaapanya. Aliyelitunga alikuwa amelala chali usiku akitazama juu. Miti inayoteremka kutoka kileleni hadi kwenye ukuta ni makombamoyo, na vijiti vyembamba vinavyofungwa juu yake kwa kukatisha ni pau. Sehemu ndogo ya paa inayoshuka upande wa ubavuni ni kisusi. Ukingo wa paa unaotoka nje ya ukuta na kutupa uvuli ni upenu. Kinachofunika juu, kama ni pwani, ni makuti ya viungo, yaliyoshonwa kwenye fito moja moja; makuti ya kumba, yale yaliyosukwa, huenda kwenye ua na kuta. Kama ni bati, fundi atakuambia geji.

Mpigapicha asiyejua maneno haya huona paa. Anayeyajua huona mistari na kazi zake. Ukisimama ndani ya banda ambalo limepauliwa lakini halijaezekwa, makombamoyo yanakuvuta macho kutoka chini kwenda kileleni na pau zinayakata kwa mlalo. Hapo uamuzi ni mmoja: kipi kitawale? Ukipiga kutoka katikati kabisa, pande zote zinalingana na kilele kinakuwa mfalme. Ukisogea pembeni, makombamoyo ya karibu yanakuwa mazito na ya mbali yanakonda, na sasa banda lina safari ndani yake. Nje, kisusi ndicho kinachoamua usimame wapi. Mkabala na mlango hakionekani. Jengo linakuwa uso mtupu, pembe nne na paa. Zunguka hatua chache mpaka kisusi kijitokeze, na kibanda kinapata ubavu, kinapata unene. Mimi huhesabu hivi: uso theluthi mbili, ubavu theluthi moja. Vikigawana nusu kwa nusu, pembe ya nyumba inakuja mbele kwa ubishi na jicho halijui liende upande gani.

Uso, ubavu, mgongo: hivyo ndivyo tunavyoitaja nyumba, na mtu anayesimama mbele ya nyumba ya wengine akikumbuka kwamba anautazama uso atapiga hodi kabla ya kufyatua.

Upenu unastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ya jua letu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini. Siku hizo kivuli cha paa huanguka chini kabisa ya upenu na ukuta mzima huingia gizani, wakati makuti au bati juu yanawaka. Simu itajaribu kuokoa kimoja na kupoteza kingine. Enzi za filamu tungesema picha imeungua. Wapigapicha wa nchi za kaskazini wanaandika kuhusu mwanga laini wa jioni unaodumu kwa muda mrefu, na vijana wetu wanasoma kisha wanashangaa kwa nini kwao haudumu. Haudumu kwa sababu jua letu hupanda na kushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Ile rangi ya asali inayopita chini ya upenu na kuigusa miguu ya ukuta huisha kabla ya nusu saa.

Lugha inalijua hilo. Kiswahili hakina neno moja la jioni. Kina alasiri, kina machweo, kina magharibi, kina utusitusi. Kwa ukuta uliokandikwa kwa udongo, mimi huichagua alasiri inayoelekea machweo, jua likiwa ubavuni mwa nyumba. Mwanga unaopita sambamba na ukuta hutoa kila alama ya kiganja iliyobaki tangu siku ya kukandika. Kwa bati huchagua wingu. Wajerumani Bernd na Hilla Becher, waliozipiga picha kwa miaka mingi nyumba za fito na boriti za eneo la Siegen pamoja na matangi na minara ya viwandani, walingoja mawingu kwa makusudi, wakasimama mkabala na jengo, wakakataa vivuli vikali visiibe umbo. Kwa vihenge na mabani, njia yao naiona bora kuliko ile ya kukimbilia machweo. Na tusisahau kwamba uvuli si kivuli. Kivuli kina umbo la kitu na huanguka mahali. Uvuli ni hali, ni mahali pa kukaa. Chini ya upenu kuna uvuli. Mti ulio mbele ya nyumba hutupa kivuli ukutani. Uvuli unaupima kwa macho, kivuli unakichora kwa miimo.

Urefu wa jicho unahitaji sentensi zake. Mstari wa upeo wa macho, mahali pa tambarare, hupita daima kwenye kimo cha kamera yako. Ukisimama wima na kamera usoni, upeo huikata nyumba karibu na kimo chako wewe, na nyumba ya tembe, ambayo ni fupi, inazama: paa lake linalingana na vichaka vya nyuma, na jengo lililosimama miaka linaonekana limebandikwa ardhini. Chuchumaa. Kamera ikishuka mpaka kimo cha goti, upeo nao unashuka, na ukuta wote pamoja na paa vinapanda juu ya uwanda wa Dodoma na kusimama dhidi ya anga. Hilo halihitaji lenzi wala programu. Linahitaji magoti. Na kinyume chake, usijikunje kisha ukainua pua ya simu kuelekea juu, maana nguzo zitaegemeana kileleni. Kamera ibaki wima, sambamba na mwimo wa mlango; ukitaka anga zaidi, rudi nyuma.

Kurudi nyuma kwenyewe ni jambo ambalo simu zimetusahaulisha. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na mtu husogea mpaka kibanda kijae. Pembe ya karibu inavimba, ya mbali inakimbia, na kijengo cha unyenyekevu kinageuka meli. Rudi nyuma hatua za kutosha, kisha vuta. Uwiano wa pande za jengo huamuliwa na mahali miguu ilipo.

Nimetaja theluthi, na neno hilo lina asili ambayo wapenzi wa vijengo vidogo wanapaswa kujivunia. Kanuni ya theluthi, ambayo simu zote sasa zinatuchorea kwa mistari minne kiooni, haikuzaliwa katika picha za milima wala za bahari. John Thomas Smith, mchoraji wa Uingereza, alichapisha London mwaka 1797 kitabu kiitwacho Remarks on Rural Scenery, chenye michoro 20 ya nyumba ndogo za mashambani, kuta zake zimechoka na mapaa yake yamelegea. Humo ndimo kanuni hiyo ilimopewa jina. Alianza na maneno ya mchoraji Joshua Reynolds kuhusu kiasi cha mwanga na giza katika mchoro, kisha akayapanua: katika kugawa mandhari, sehemu moja ichukue theluthi mbili na nyingine moja, na ugawaji wa aina hiyo ungempendeza kuliko nusu kwa nusu. Alichokisema kinahusu uwiano. Sisi tumekigeuza kuwa nukta za kutundikia vitu. Kijana anakiweka kibanda juu ya makutano ya mistari, anaridhika, na haangalii kwamba ardhi na anga vimegawana sawa kabisa na picha imegoma kusema inahusu nini. Theluthi ni neno tunalolijua tangu kwenye mirathi na bungeni. Linahusu nani apate kiasi gani. Kibanda kikikaa katikati kabisa mimi sina ugomvi nacho. Swali langu ni anga limepata nini na ardhi imepata nini.

Hapo ndipo linapokuja neno gumu kuliko yote: tuuite nini ustadi huo wenyewe? Wengine husema mpangilio, wengine muundo. Muundo ni wa jengo, uliwekwa na fundi kabla hatujafika. Mpangilio unafaa kwa anayepanga vitu: viti ukumbini, matunda mezani. Anayepiga picha banda la mtu hapangi kitu. Mwembe uko pale ulipo, tanuri lipo, ng'ombe wapo, na hana ruhusa ya kuvisogeza. Anachoweza kusogeza ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nasimama na utunzi, na kazi iliyokamilika naiita utungo. Kutunga ni kupitisha uzi mmoja ndani ya vitu vilivyo mbalimbali: shanga hutungwa, na samaki wa mvuvi hubebwa kwa mtungo, kila mmoja akiwa vile vile alivyovuliwa. Ndivyo anavyofanya mpigapicha mbele ya kibanda. Vitu havibadiliki, kinachoongezwa ni uzi, nao ni mahali aliposimama. Kutunga kuna maana ya pili ambayo naipenda vilevile: mimba hutunga. Hapo hakuna mtendaji anayeonekana, kitu kinajiumba kwa wakati wake. Nani hajasubiri mbele ya banda tupu mpaka moshi ukapenya kwenye makuti, au mbuzi akaja akasimama mlangoni, na picha ikatunga? (Wapo wanaochanganya utunzi na utunzaji. Kwa mpigapicha wa majengo mchanganyiko huo hauna madhara makubwa.)

Tena, ukishasema utunzi, mlango wa ushairi umefunguka, na vyombo vyote vya watunzi vinakuwa vyetu. Mshororo wa tarbia tuliyoizoea una vipande viwili, ukwapi na utao, kila kimoja mizani nane. Hakuna anayetaka maneno ya ukwapi yafanane na ya utao. Kinachotakiwa ni uzito. Kibanda kizito cha udongo kikikaa kwenye ukwapi wa picha, utao unaweza kuwa uwanja mtupu wenye mti mmoja mbali, na urari ukatimia, kwa sababu uwanja nao una uzito wake ukipewa upana. Mwalimu wa picha anayesema "usawa" anaeleweka kwamba pande zote zifanane. Anayesema urari anaeleweka na kila aliyewahi kuhesabu mizani kwa vidole.

Nina jambo moja linalonikera katika msamiati huu. Wageni wengi, na wenyeji wengi siku hizi, wanapenda kijengo kidogo kwa sababu kimechoka. Yule Smith wa London naye alikuwa na upendo huo. Lakini Kiswahili kinapima uchovu wa vitu kwa uangalifu. Kuukuu ni kilichotumika sana. Chakavu ni kilichoharibika kwa matumizi. Kongwe kina umri wenye heshima. Gofu limeachwa na paa lake, hame limeachwa na watu wake. Ukilipiga picha banda ambalo jana limelaza ng'ombe na kulitangaza kama gofu, umesema uongo kuhusu familia nzima. Mlango wa mbao kuukuu unaofungwa kila usiku kwa komeo hauko katika kundi moja na mlango ulioanguka. Uonekane unafungwa: acha komeo liingie, acha njia nyeupe ya nyayo inayoishia kizingitini ipite katikati ya picha.

Aliyelifanya hili vizuri kuliko wote ninaowajua ni William Christenberry, mzaliwa wa Tuscaloosa, Alabama, mwaka 1936, aliyefariki 2016. Alifundisha sanaa Washington, lakini mwaka baada ya mwaka alirudi Hale County, kaunti ambamo mpigapicha Walker Evans alipiga picha zake mashuhuri mwaka ule ule aliozaliwa yeye, na kupiga vijengo vilevile: ghala la kijani la Newbern, kanisa la mbao la Sprott katika kaunti jirani, jengo jekundu katikati ya miti. Alianza na Kodak Brownie, kamera ya watoto na ya sherehe za nyumbani, na hata alipohamia kamera kubwa tangu 1977 hakuibadilisha tabia yake ya kusimama mbele na kutazama. Picha moja ya ghala lile ni picha ya ghala. Mfululizo wake wa miaka ni habari ya miti iliyoota, rangi iliyopauka, mlango uliobadilishwa. Kwetu kazi kama hiyo ingekuwa na mwendo mwingine. Makuti hayakai miaka mingi; kibanda huezuliwa na kuezekwa upya, ukuta hukandikwa tena kabla ya masika, na kijengo kile kile kinaweza kuwa na paa changa juu ya nguzo kongwe. Atakayesimama mahali pamoja kila mwaka baada ya kuezeka, na tena kabla ya kuezua, atakuwa na utungo ambao Alabama haikuweza kuutoa.

Ili kazi hiyo imfae mtu baada yetu, maelezo ya chini ya picha yasiandikwe "kibanda cha zamani, kijijini". Yaandikwe aina ya kijengo, kazi yake mwaka huo, kijiji, mwezi, na kilichoezekwa juu yake: kipenu cha kuni, Bagamoyo, Oktoba, makuti ya viungo, paa la mwaka huu. Jina la mwenye nyumba liingie kwa ridhaa yake tu. Na kama yeye anakiita kijengo chake kwa neno la Kizaramo, la Kigogo au la Kihaya, neno hilo litangulie, na la Kiswahili lifuate baada ya mkato.